Msifunge Kibanda cha Gemu, Kiwekeeni Saa

SEHEMU YA 1

 

Wiki hii kwenye magrupu ya mtaa inazunguka sauti ya mama analia kwamba vibanda vyote vya gemu hapa Tandale vifungwe. Anasema watoto wanashinda humo wanajifunza kuua, kesho na keshokutwa wanatoka Panya Road. Chini yake wamejaa vijana wanamcheka: "Mama tulia, ni gemu tu."

Nimesikiliza yote, nimesoma yote. Mimi ni nesi. Kazi yangu ni kumuuliza mgonjwa panapouma, siyo kumpa panado kila anayelia. Basi nawaambia pande zote mbili: mama anashika mguu wakati jipu liko mkononi, na vijana wanasema hakuna jipu kabisa. Jipu lipo. Tena lina usaha.

Kinachowaumiza watoto wetu kibandani ni saa wanazokaa mle, hewa wanayovuta, hela wanazotoa na watu wazima wanaokaa nao. Bunduki ya kwenye tivii ni ya mwisho kwenye foleni yangu. Nitaeleza moja moja. Chukueni chai.

SEHEMU YA 2: HILO GEMU LENYEWE

Wapo akina mama wanapigana na kitu ambacho hawajawahi kukiona. Nisaidie kidogo.

Kibandani wanacheza vitu vingi. Mpira ndiyo unaongoza, Simba na Yanga zetu hata kwenye gemu zina wenyewe. Lakini linalowatisha wazazi ni la risasi, na linaloshika vijana wengi linaitwa Call of Duty. Unaiona bunduki mbele yako kama umeishika mwenyewe. Unapiga, unapigwa, unakufa, sekunde chache umefufuka, unaendelea. Wakicheza wawili, skrini inagawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja na pedi yake. Pedi ya gemu, jamani, siyo zile zetu.

Lilianza 2003, likahusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tangu 2005 linatoka jipya karibu kila mwaka. Black Ops 6 imetoka Oktoba 2024, Black Ops 7 Novemba 2025, na mashabiki wanahesabu siku kama watoto wanavyohesabu Sikukuu ya Idi. Kampuni ya Activision inayolimiliki ilinunuliwa na Microsoft Oktoba 2023 kwa karibu dola bilioni 69. Siyo kitu cha uchochoroni hiki. Ni biashara kubwa ya dunia, na mwanao mwenye shilingi 500 mkononi ni mteja wake wa mwisho kabisa.

Sasa sikieni hili, maana ndilo mtakalomjibia kijana yeyote anayewacheka. Gemu hilo kwenye kasha lake la Marekani limeandikwa miaka 17 na kuendelea. Ulaya limeandikwa 18. Hayo hayakuandikwa na shehe wala mchungaji wa Tandale. Ndivyo linavyouzwa huko kwao. Mpishi mwenyewe kasema chungu hiki kina pilipili kali, mtoto asile. Ila kasha halifiki kibandani kwetu. Linafika gemu tupu, limeshaingizwa kwenye mashine, na mtoto wa darasa la tatu anapewa pedi bila mtu kumuuliza ana miaka mingapi.

SEHEMU YA 3: KWENU MNAOSEMA LINAZALISHA MAJAMBAZI

Mama zangu, hapa mtanichukia kidogo. Vumilieni.

Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia tafiti za gemu za vurugu kikatoa msimamo. Kilisema ushahidi hautoshi kusema gemu hizo ndizo zinazomfanya mtu aende kuua au kufanya ukatili mkubwa. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukorofi: kupiga kelele, kusukumana, mdomo mchafu. Wakaongeza kwamba kuzitupia gemu lawama za mauaji kunatutoa macho kwenye sababu nyingine.

Maneno hayo ya mwisho yanatuhusu sana sisi.

Panya Road tunawajua. Januari 2015 jiji zima lilikimbizana kwa hofu yao, watu wakafunga maduka mapema. Septemba 2022 wakarudi, wakaingia majumbani, watu wakajeruhiwa na wengine wakauawa. Walishika nini mkononi? Mapanga, visu, nondo. Mwenye panga hakuhitaji PlayStation ya kumfundisha panga linakata. Muulize aliacha shule lini, nani alikuwa anamlisha, nani alimpa bangi ya kwanza, na siku ya kwanza aliporudi nyumbani na simu isiyo yake, nani alipokea hela akanyamaza.

Hayo maswali yanauma, ndiyo maana tunapenda kulaumu gemu. Gemu haliwezi kujibu.

Na kuna jambo lingine. Kijana wa Tandale akisimama kona ni mwizi. Akivaa kaptura ni mvuta bangi. Akishika pedi ni Panya Road mtarajiwa. Wa Masaki akicheza Call of Duty hiyo hiyo sebuleni kwao, kwenye kiyoyozi, anaitwa mtoto anayependa teknolojia. Mtaa huu huu ndio aliokulia Diamond Platnumz, na dunia nzima inamcheza. Tusiwe sisi wenyewe wa kwanza kuwabandika watoto wetu jina la uhalifu.

Halafu tukifunga kibanda, mtoto aende wapi? Semeni ukweli. Nyumba zetu ni chumba kimoja, pazia katikati, baba karudi zamu ya usiku amelala, mdogo analia, nje uchochoro wa kupita mtu mmoja, na chini huko Mto Ng'ombe mnajua wenyewe ukoje. Viwanja vimejengwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko kuwa haki ya mtoto na wajibu wa mzazi, pamoja na chakula, matibabu na shule. Tandale tumempa uwanja gani wa kuchezea haki yake hiyo? Kibanda kimejaza pengo ambalo watu wazima tumeliacha.

SEHEMU YA 4: KWENU MNAOSEMA "NI GEMU TU"

Wadogo zangu wa kibandani, msishangilie. Zamu yenu.

Posti iliyopita mlinijalia mioyo na vikombe. Asanteni. Sasa nijibuni: ikiwa ni gemu tu, kwa nini mtoto wa miaka tisa akimsubirisha mkubwa zamu anapigwa kofi? Ikiwa ni gemu tu, kwa nini aliyeuawa kwenye skrini anatukaniwa mama yake mzazi? Mama huyo yuko sokoni Tandale anapima mahindi, hajui hata bunduki ya gemu inafananaje, na tusi lake linasikika mpaka kwa jirani.

Msiniambie ndivyo gemu lilivyo. Mashabiki wa gemu hilo wanajulikana dunia nzima kwa matusi, kiasi kwamba Agosti 2023 Activision yenyewe ilitangaza kuweka programu ya akili bandia ya kusikiliza maongezi ya wachezaji na kunasa wanaotukana, wanaobagua na wanaowasumbua wenzao. Kampuni inayokula hela zenu imeona aibu kabla yenu.

Mkubwa wa kibandani ni mwalimu, apende asipende. Watoto hawachukui bunduki kutoka mle ndani, wanachukua mdomo wako. Mama akisikia mwanawe wa darasa la pili anamwita dada yake jina lisilotamkika, asilitafute hilo neno kwenye mashine. Alitafute kwenye benchi.

Na nyie mabinti mnaopenda gemu, nawajua mpo. Mnaogopa kuingia kwa sababu ya maneno hayo hayo. Kibanda ambacho msichana hawezi kukaa robo saa bila kushikwa au kutukanwa hakina ushabiki, kina wahuni.

SEHEMU YA 5: USINGIZI

Hapa sasa ndipo kazini kwangu.

Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala saa 9 mpaka 12 kwa siku. Wa miaka 13 mpaka 18, saa 8 mpaka 10. Wadogo wa miaka 3 na 4, saa 10 mpaka 13 pamoja na usingizi wa mchana. Siyo anasa ya watoto wa kizungu. Ubongo wa mtoto unapanga alichojifunza akiwa amelala, na mwili wake unakua akiwa amelala.

Tupige hesabu ya Tandale. Dogo ana miaka kumi. Katoka kibandani saa 4 na nusu usiku, kala kiporo, kajinyoosha saa 5. Damu bado inamwenda mbio, risasi bado zinalia kichwani. Saa 11 alfajiri unamuamsha kwa ajili ya shule. Kalala saa 6. Kwa uchache kabisa alitakiwa saa 9. Kila usiku unamkopa saa 3. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 15. Huo ni zaidi ya usiku mzima wa usingizi umeliwa ndani ya wiki moja ya shule.

Halafu mnaniletea mtoto. "Nesi, huyu ana malaria sugu, kichwa kinauma kila siku, analala darasani." Napima, malaria hakuna. Naangalia kiwango cha damu, kizuri. Namuuliza mama analala saa ngapi, mama anamwangalia mtoto, mtoto anaangalia sakafu. Hapo nimeshapata majibu.

Tena siyo kibanda peke yake. Mtoto wa miaka miwili anayepewa simu ili anyamaze yumo humu humu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini, na miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku, pungufu ni bora zaidi. Wa kibandani alianzia mgongoni kwako, mama.

Vipi kuhusu "uraibu wa gemu"? Upo. Shirika hilo hilo limeuingiza kwenye orodha ya magonjwa, imeanza kutumika rasmi Januari 2022. Lakini siyo kila anayependa gemu ni mgonjwa. Mgonjwa ni yule aliyeshindwa kabisa kujizuia, gemu limepita shule, chakula na ndugu, anaona linamharibia na bado anaendelea, na hali hiyo imedumu kwa kawaida miezi 12 au zaidi. Hao ni wachache. Ukimwona wako hivyo, mlete tuongee. Usimpige, usimpeleke kuombewa peke yake ukaishia hapo.

SEHEMU YA 6: DIRISHA

Hakuna aliyelisema hili kwenye ile sauti, na kwangu mimi ni kubwa kuliko bunduki zote.

Kibanda cha mabati, mlango mmoja, dirisha limezibwa kwa boksi ili jua lisipige skrini. Ndani vijana kumi na tano bega kwa bega, wanapiga kelele saa tatu mfululizo. Mmoja anakohoa.

Tanzania ni moja ya nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu. TB haipiti kwenye sahani wala kwenye pedi. Inapita hewani, na inachotaka ni chumba kisicho na hewa na watu wanaokaa pamoja muda mrefu. Ukiniambia nichore picha ya sehemu ambayo TB inapenda kuishi, nitachora kibanda hicho.

Kijana akikohoa wiki mbili au zaidi, anakonda, anatoka jasho usiku, aje apime. Kwenye vituo vya serikali kupima na dawa za TB ni bure. Na mwenye kibanda, dirisha kulifungua hakuhitaji mtaji. Jua likikusumbua, geuza tivii.

Lingine ni kifafa. Wapo watu wachache, kama watatu katika kila mia ya wenye kifafa, ambao mwanga wa kuwakawaka unaweza kuwaangusha. Desemba 1997 kule Japani katuni ya Pokémon ilionyesha mwanga wa aina hiyo, watoto zaidi ya 600 wakakimbizwa hospitali jioni moja. Mtoto akianguka kibandani, msikimbie mkasema majini. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshikilie kwa nguvu. Tazama saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, kituo cha afya haraka. Akizinduka mapema, bado aletwe apimwe.

SEHEMU YA 7: HELA, NA ANAYELIPA

Shilingi 500 kwa siku inaonekana ndogo. Siku tano za shule ni 2,500. Mwezi ni elfu kumi. Mtoto wa darasa la nne anaitoa wapi? Kwenye hela ya chai ya shule, ndiyo maana anarudi amekauka. Kwenye chenji ya dukani. Kwenye pochi lako.

Na kuna ule utaratibu wa "anayefungwa analipa". Mnauona mchezo, mimi naona kamari. Mtoto kashindwa, anadaiwa, anacheza tena ili arudishe, anadaiwa zaidi. Karibu na hapo kuna mashine ya sarafu inawakawaka taa. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Kutoka benchi la gemu mpaka kwenye ile mashine ni hatua mbili, na wenye mashine hawakuiweka pale kwa bahati mbaya.

Sasa nashusha sauti kidogo, mnisikie vizuri.

Mtoto asiye na hela anayecheza kila siku, kuna mtu anamlipia. Ni nani? Kwa nini? Mtu mzima asiye ndugu yenu anayemnunulia mwanao muda wa gemu, soda na chipsi, kwenye chumba chenye giza, anataka kitu. Watoto wa kiume wanafanyiwa ukatili pia, na wanakaa kimya zaidi kwa sababu tumewafundisha mwanaume halii. Mtoto akibadilika ghafla, akaogopa mtu fulani, akawa na hela usizozijua, akalalamika maumivu sehemu za siri au kwenye haja kubwa, usimpige wala usimwogeshe ukanyamaza. Mlete siku hiyo hiyo, zipo dawa zinazotakiwa kuanza ndani ya siku tatu. Piga 116, Simu ya Msaada kwa Mtoto, ni bure. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto.

Huyo mtu ndiye wa kumwogopa. Askari wa kwenye skrini hajawahi kumshika mtoto wa mtu.

SEHEMU YA 8: TUNACHODAI

Kulia kwenye grupu hakujawahi kuponya mtu. Mwenye kibanda ni jirani yetu, mjumbe tunamjua, mwenyekiti wa mtaa anakuja kuomba kura zetu. Nendeni akina mama mkiwa wengi, siyo mmoja mmoja, mkiwa na mambo haya:

1. Saa za shule, mwenye sare au mwenye umri wa shule asiingie.
2. Siku za shule watoto wote watoke saa 12 jioni. Mwisho wa wiki, saa 1 usiku.
3. Gemu za risasi na za kuchinjana ni za wakubwa, na zichezwe watoto wakishaondoka. Mchana mpira, magari, mieleka inatosha.
4. Dirisha wazi, mlango wazi, taa inawaka. Mpita njia aone mpaka mwisho wa benchi.
5. Hakuna kudaiana wala "anayefungwa analipa" kwa mtoto. Hakuna mashine ya kamari ndani wala mlangoni.
6. Anayetukana au kumpiga mtoto anatoka, hata kama ndiye mteja mkubwa.

Mwenye kibanda atakayekubali, tumtangaze. Tumpelekee watoto wetu tukijua yupo. Anatunza vijana wetu, anastahili kula. Atakayekataa, hapo ndipo tuongelee kufuli, na mimi nitakuwa mstari wa mbele.

Na nyumbani kwetu je? Siku moja wiki hii, nenda kibandani mwenyewe. Usiende na fimbo. Kaa kwenye benchi, mwambie mwanao akuonyeshe anachezaje. Utajua kuna nani, hewa ikoje, analipa nani. Nusu saa tu itakufundisha kuliko posti zangu zote nane. Akina baba mnaosoma kimya kimya, na nyie mnahusika. Mnajua njia ya kwenda kuangalia mechi, hiyo ya kibandani haijapotea.

Mashabiki wa Call of Duty, chezeni. Mmefanya kazi kutwa nzima kubeba magunia sokoni, mna haki ya kupumzika na gemu lenu. Mtoto aliyekaa pembeni yenu saa 4 usiku hapumziki. Mwambieni aende akalale.

Nesi wenu. Tukutane kliniki, na msisahau kadi za watoto.